Hesabu 43,560 Iliyomo Katika Eka Moja

Huko Mikinduri, upande wa Tigania katika Meru, neno eka halikosi kusikika: eka ya kahawa, nusu eka ya mahindi, robo eka iliyouzwa ili kulipa karo ya shule. Lakini si wengi wanaoijua hesabu iliyojificha nyuma ya neno hilo. Eka moja ni futi za mraba 43,560.

Asili ya hesabu hiyo ni mnyororo wa kupimia ardhi uliobuniwa na Mwingereza Edmund Gunter yapata mwaka 1620. Urefu wake ulikuwa futi 66. Futi 66 mara 66 ni 4,356, na miraba kumi ya namna hiyo ndiyo eka.

Hesabu hiyo huonekana mbaya machoni, kumbe ni karimu sana. Ukiipasua mpaka isipasuke tena, utapata 2 mara tatu, 3 mara mbili, 5 mara moja, na 11 mara mbili. Hizo huitwa namba tasa, jina lisilozifaa hata kidogo, maana hizo nne zimezaa vigawo 72. Basi baba mwenye watoto wawili, watatu, wanne, watano, sita, wanane, tisa, kumi, kumi na mmoja au hata kumi na wawili huweza kuwagawia eka yake bila baki. Akiwa na watoto saba, hapo pana shida, kwa kuwa 7 haimo. Kila mmoja atapata futi za mraba 6,222, na zitabaki sita, mahali pa kutandika mkeka mdogo. Na wazee wamewahi kukalishwa baraza kwa jambo dogo kuliko hilo.

Kahawa nayo haiingii sawasawa. Miche ikipandwa futi 9 kwa 9, kila mmoja huchukua futi za mraba 81, yaani 3 mara nne. Eka ina 3 mara mbili tu. Ndiyo sababu eka hubeba miche 537, na kipande kidogo hubaki.

Penye hatari hasa ni katika kununua viwanja. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 huuzwa mara nyingi kwa jina la thumni ya eka. Hamsini mara mia ni 5,000, lakini thumni ya kweli ni 5,445. Mnunuzi amepungukiwa na 445. Muuzaji aliyekata viwanja vinane hivyo katika eka moja amebaki na futi za mraba 3,560. Ikiwa zimekuwa barabara, ni haki, mradi mnunuzi aliambiwa kabla ya kutoa fedha zake. Hati za ardhi za Kenya huandikwa kwa hekta: thumni kamili ni hekta 0.0506, na kiwanja cha 50 kwa 100 ni hekta 0.0465.