Feleji ya Manganizi: Chuma Kinachokomaa kwa Kupigwa, na Afya ya Wanaokifanyia Kazi

Uwanda wa juu wa Ufipa ulijulikana kwa chuma chake kabla ya kujulikana kwa mahindi yake. Wahunzi wa Kifipa waliyeyusha mawe yenye chuma katika tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu. Tanuri hizo zilikuwa na kimo cha takriban mita 3, nazo zilivuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini, bila kuvukutwa. Chuma kilichotoka humo kikiwa bado na taka kilisafishwa upya katika tanuri ndogo zilizoitwa vintengwe, ambazo zilihitaji mivukuto, ndipo kikafuliwa kuwa jembe, shoka au mkuki. Kazi hiyo ilififia katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yalipoenea. Magofu ya malungu yangali yanaonekana.

Leo chuma kinachofanyiwa kazi Sumbawanga hutoka mbali. Huja kikiwa sehemu ya mashine za kusaga na kukoboa, matrekta, malori, na mitambo ya kuponda kokoto za barabara na majengo. Miongoni mwa vyuma hivyo imo aina moja yenye tabia za pekee, nayo ni feleji yenye manganizi nyingi. Makala haya yanaeleza tabia hizo, matumizi yake viwandani, na sababu zinazomlazimu mhudumu wa afya na mgonjwa kuzifahamu. Kibanzi cha chuma hiki kikiingia jichoni, au moshi wake ukiingia mapafuni, huleta madhara ambayo ni rahisi kuyakosea.

Feleji hii ni nini?

Chuma kitupu ni laini. Kikichanganywa na kaboni kidogo huwa feleji, nayo ni ngumu zaidi. Karibu kila feleji ya kawaida huwa na manganizi kidogo, kwa kawaida chini ya asilimia 2, ambayo huondoa madhara ya salfa na oksijeni wakati wa kuyeyusha. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba ukizidisha kiasi hicho feleji huwa dhaifu na kuvunjika kama kigae.

Mwaka 1882, huko Sheffield, Uingereza, Robert Hadfield, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 25, aliendelea kuongeza manganizi hata baada ya kufika mahali ambapo wengine waliishia. Ilipofika asilimia 12 au 13, pamoja na kaboni ya zaidi kidogo ya asilimia 1, alipata chuma kigumu kuvunjika ambacho hakikuvutwa na sumaku. Hadi leo feleji hiyo huitwa kwa jina lake. Hutengenezwa kwa kumiminwa katika kalibu, kisha hupashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi na kuzamishwa majini ghafla. Feleji ya kawaida ikitendewa hivyo huwa ngumu na yenye kuvunjika upesi, lakini feleji ya manganizi huwa nyumbufu.

Kwa nini hukomaa ikipigwa?

Mfano ulio karibu ni kiganja cha mkulima. Mpini wa jembe humjengea sugu mahali pale tu panapoguswa, na chini ya sugu ngozi hubaki laini. Feleji ya manganizi nayo ikipigwa kwa nguvu, tabaka za atomu zilizo karibu na uso hutelezeana, hujikunja na kuzuiana, hata pigo linalofuata lisiweze kuzisogeza kwa urahisi. Kwa kipimo cha Brinell, ugumu wa uso hupanda kutoka takriban 200 hadi 500 au zaidi. Ndani yake chuma hubaki kinyumbufu na kupokea mshindo bila kupasuka. Uso ukilika, tabaka la chini nalo hupigwa na kukomaa.

Hata hivyo, sifa hii ina masharti mawili. La kwanza ni kwamba lazima pawepo pigo zito. Jembe la plau linalopita katika udongo wa kichanga hukwaruzwa tu bila kupigwa, kwa hiyo hulika kabla ya kukomaa, na feleji nyingine huweza kulifaa zaidi. La pili ni kwamba chuma hiki hakistahimili kupashwa moto tena ovyo. Kikikaa katika joto linalozidi nyuzi zipatazo 300, kaboni hujitenga na kujipanga ndani yake, na unyumbufu hupotea. Ndiyo maana fundi mwangalifu hukichomelea kwa vipande vifupi na kukiacha kipoe kati ya kimoja na kingine.

Inatumika wapi?

Matumizi yake makubwa ni pale chuma kinapopambana na jiwe au na chuma kingine kwa kishindo. Taya za mitambo ya kuponda mawe, meno ya vijiko vya eskaveta, na sehemu za njia ya reli ambapo reli moja hukata nyingine, kote huko ndiko kwake. Zamani ilitumiwa pia katika kasha za fedha na nondo za magereza kwa sababu msumeno hauipenyi kwa urahisi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, kofia za chuma za askari wa Uingereza zilizobuniwa na John Brodie mwaka 1915 zilikuja kutengenezwa kwa feleji hii, na nyingi ziliepusha majeraha ya kichwa.

Siku hizi zipo feleji mpya zenye manganizi asilimia 15 hadi 30. Baadhi hutumika katika miili ya magari kwa ajili ya kufyonza nguvu ya ajali, na nyingine katika matangi ya gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika kwa baridi ya nyuzi 162 chini ya sifuri, ambayo feleji ya kawaida ingepasuka ndani yake. Tiba nayo imefaidika. Vyuma vingi vya kuungia mifupa visivyoshika kutu vina nikeli, na wapo wagonjwa ambao miili yao huikataa nikeli. Kwa ajili yao imebuniwa aina yenye manganizi takriban asilimia 23, pamoja na kromiamu na naitrojeni, ambayo karibu haina nikeli kabisa.

Kibanzi jichoni

Chuma kilichokomaa usoni kikigongwa kwa nyundo kinaweza kurusha kibanzi chembamba chenye makali, chenye kasi ya kupenya mboni. Hapa tabia ya kutovutwa na sumaku huwa na maana ya kitabibu. Wapo wanaojaribu kutoa chuma jichoni kwa sumaku wakiwa karakana, na sumaku isiponasa kitu huamua kwamba jichoni hamna kitu. Uamuzi huo si sahihi. Kibanzi cha feleji ya manganizi hakishikwi na sumaku, au hushikwa kwa unyonge tu. Na kama kilichoruka kilitoka kwenye nyundo ya feleji ya kawaida, sumaku huweza kukivuta vibaya na kuzidi kulirarua jicho.

Kwa hiyo mgonjwa asilisugue wala kulikamua jicho. Lifunikwe kwa kitu kigumu kisichogusa mboni, mfano kikombe cha karatasi kilichokatwa, kisha afike kituoni siku hiyo hiyo. Mhudumu apime uwezo wa kuona, asitie mafuta ya dawa jicho linaloshukiwa kupenywa, asivute kitu kilichochoma, aangalie kinga ya pepopunda, na ampe rufaa. Maelezo ya kwamba mtu alikuwa akigonga chuma kwa chuma yatosha kutilia shaka hata kama jicho linaonekana zima. Picha ya eksirei ya tundu la jicho hufaa kabla ya kufikiria kipimo cha MRI, ambacho sumaku yake ina nguvu ya kukisogeza kibanzi cha chuma cha kawaida.

Moshi wa kuchomelea na ubongo

Manganizi ni kirutubisho. Mwili wa mtu mzima huhitaji takriban miligramu 2 kwa siku, na kiasi hicho hupatikana kwa kula nafaka zisizokobolewa, maharage, karanga na mboga za majani. Utumbo hupokea asilimia chache tu ya kinacholiwa, na ini hutoa ziada kupitia nyongo. Kwa hiyo hakuna haja ya kuogopa chakula.

Njia ya hewa haina mlinzi huyo. Manganizi huchemka kwenye nyuzi zipatazo 2,060, ilhali chuma huchemka kwenye nyuzi 2,860 hivi. Moto wa kuchomelea huzidi viwango vyote viwili, na manganizi hugeuka mvuke kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo moshi huwa na sehemu kubwa zaidi ya manganizi kuliko ufito wenyewe uliochomwa. Fito za kujazia uso wa vyuma vilivyolika mara nyingi zina manganizi nyingi tangu mwanzo. Chembe za moshi huo ni ndogo mno, hufika mwisho wa mapafu na kuingia katika damu pasipo kupitia ini kwanza.

Mwaka 1837 daktari James Couper wa Glasgow aliandika habari za wafanyakazi waliosaga madini ya manganizi, ambao miguu yao ililegea na mwendo ukabadilika. Ugonjwa huo huanza polepole kwa hasira zisizo na sababu, usingizi kuvurugika, uchovu na usahaulifu. Baadaye huja uso usio na mwonekano, sauti ya chini, maandishi yanayozidi kuwa madogo, kuanguka kinyumenyume, na kutembea kwa ncha za vidole kama jogoo. Hufanana na ugonjwa wa Parkinson, lakini mtetemeko wa mkono uliotulia si mkubwa, na dawa ya levodopa mara nyingi haisaidii sana. Mabadiliko ya tabia hutangulia, kwa hiyo ni rahisi familia kudhani ni ulevi, wazimu au kurogwa, huku mgonjwa akiendelea kwenda karakana kila asubuhi.

Tiba ya kwanza ni kumtoa katika moshi. Madhara yaliyokwisha kukomaa huweza kubaki, hata kuendelea, baada ya kuacha kazi. Ndiyo sababu kuwahi ni jambo kubwa. Wapo walio katika hatari zaidi. Wenye upungufu wa madini ya chuma mwilini hupokea manganizi nyingi, kwa kuwa madini hayo mawili hutumia mlango mmoja wa kuingilia. Wenye ugonjwa wa ini hushindwa kuitoa. Moshi wa kuchomelea pia huongeza hatari ya nimonia, na mwaka 2017 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliuweka katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Kinga inayowezekana

Ufipa una baridi, na karakana nyingi hufunga milango wakati wa kipupwe. Moshi nao hufungiwa ndani. Kuchomelea mahali palipo wazi, upepo ukitokea ubavuni, ni kinga isiyo na gharama. Fundi asiinamishe kichwa juu ya moshi, bali akae pembeni yake. Kitambaa puani hakizuii chembe hizi. Inahitajika barakoa maalumu yenye chujio. Miwani ya kinga ivaliwe hata na mwanafunzi anayeshikilia chuma, na watoto wasikae karibu. Fundi anaweza pia kukitambua chuma anachokishika: kikiwa kizito, kinashika kutu, lakini sumaku haikivuti, yaelekea ni feleji ya manganizi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa ajili ya mwajiriwa aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Lakini haki hiyo husimama juu ya maandishi ya kituo cha afya. Jalada lisilotaja kazi ya mgonjwa humwacha bila ushahidi.

Mwaka 1700 tabibu Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliwahimiza matabibu waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Ndugu mhudumu, liulize, na jibu liandike. Ndugu mgonjwa, usipoulizwa, litaje mwenyewe, na utaje pia miaka uliyoifanya kazi hiyo.