Shamba la Anathothi na Ahadi ya Miaka 70

Katika nyumba nyingi za Wakristo wa Afrika Mashariki, aya ya 11 ya sura ya 29 ya kitabu cha Yeremia, ambamo Mungu anawahakikishia watu wake kwamba anayowawazia ni mema, imekuwa ndiyo aya ya kadi za mahafali na kalenda za ukutani, na aghalabu husikika katika maombi ya kijana anayetafuta kazi au ya mzazi ambaye ada ya mtoto wake haijatimia. Hakuna ubaya kuipenda. Lakini aya ya 10 inayoitangulia ni nadra kuandikwa popote, ilhali ndiyo inayotaja muda wa kutimia kwa ahadi hiyo, nao ni miaka 70.

Maneno hayo ni sehemu ya barua ambayo nabii Yeremia, akiwa Yerusalemu, aliwaandikia Wayahudi waliochukuliwa na mfalme Nebukadreza hadi Babeli, katika Iraki ya leo, mwaka 597 KK, yaani kabla ya Kristo. Hali hiyo ya watu kung'olewa kwao na kukalishwa ugenini huitwa uhamisho. Barua iliwaagiza wahamishwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza, tena wauombee amani mji uleule uliowateka. Mtu mzima aliyesomewa maneno hayo angeweza kupiga hesabu na kuona kwamba yeye hatarudi. Marejeo yalikuwa ya wajukuu zake, naye alitakiwa kuyaamini huku akipalilia ardhi ya adui. Kwamba wengi waliishi hivyo kunathibitishwa na vibao vya udongo vilivyochapishwa na wataalamu mwaka 2014, vyenye mwandiko wa kikabari, yaani alama za umbo la kabari zilizogandamizwa kwenye udongo mbichi, ambavyo vinaonyesha Wayahudi wa kijiji kimoja cha Babeli wakilima, wakikopeshana na kulipa kodi.

Wakati huohuo palikuwa na nabii mwingine, Hanania wa Gibeoni, aliyetangaza hekaluni mbele ya makuhani kwamba mateka na vyombo vya hekalu vingerudi ndani ya miaka 2. Hakuwa mpagani, alisema kwa jina la Mungu yuleyule, na Yeremia mwenyewe alimwitikia Amina, kwa maana nani asingependa iwe hivyo? Tofauti ya manabii hawa haikuwa kwamba mmoja alikuwa na tumaini na mwingine hana, bali kwamba Hanania aliifupisha ahadi hadi ikalingana na hamu ya wasikilizaji. Injili ya mafanikio, yaani mafundisho kwamba imani na sadaka humletea mwamini mali na afya bila kukawia, inamrithi yeye kuliko Yeremia, na madhara yake si ya kinadharia: mgonjwa anayeacha dawa kwa sababu ameambiwa adai uponyaji wake amekabidhiwa ahadi ambayo Biblia haikumpa.

Namna ambavyo Yeremia aliitegemea ahadi inaonekana wazi zaidi katika sura ya 32, ambamo mna habari ya mauziano ya ardhi. Yerusalemu ilikuwa imezingirwa na jeshi la Babeli, na nabii alikuwa kifungoni katika uwanja wa walinzi, pale Hanameli, binamu yake, alipomjia akimtaka anunue shamba la Anathothi, kijiji kilicho yapata kilomita 5 kutoka Yerusalemu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye haki ya ukombozi, yaani haki ya ndugu wa karibu kununua ardhi isitoke nje ya ukoo. Hakuna dalali ambaye angemshauri mteja wake kununua shamba lililo nje ya kuta za mji uliozingirwa. Yeremia alipima shekeli 17 za fedha, sawa na gramu 190 hivi, akatia sahihi mbele ya mashahidi, kisha akamwagiza Baruku mwana wa Neria aziweke hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja ya wazi, katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Kila aliyewahi kugombania mpaka wa kiwanja ataona kwamba huyu alikuwa mtu aliyetarajia siku moja hati hizo zihitajike. Hata hivyo, baada ya kulipa aliomba kwa mshangao, akimkumbusha Mungu kwamba mji unaangukia mikononi mwa adui naye ameambiwa anunue shamba. Kuuliza hakukuifuta imani yake, maana fedha ilikuwa imeshatoka.

Mzazi anayelipa ada kidogo kidogo kutoka kwenye kikoba huku akiomba, au mgonjwa anayemeza dawa kwa saa yake huku akitarajia uponyaji, yuko karibu zaidi na Anathothi kuliko anayekesha akingoja mwujiza wa wiki hii.

Yeremia hakuliona shamba lake likilimwa kwa amani, kwa kuwa baada ya Yerusalemu kuanguka alichukuliwa hadi Misri. Babeli iliangushwa na Koreshi wa Uajemi mwaka 539 KK, wahamishwa wakaruhusiwa kurudi, na orodha ya waliorejea, iliyomo katika sura ya 2 ya kitabu cha Ezra, inawataja watu 128 wa Anathothi.