Ndoa, Faragha na Gwanda: Sheria Zinavyowagusa Vijana Wetu Jeshini

Siku ya jeshi la Kenya, KDF, kusajili makurutu, vijana wa Kinango hawalali. Wa Ndavaya na wa Puma huanza safari kabla ya adhana ya alfajiri, vyeti ndani ya bahasha ya kaki, ili jua likichomoza wawe wameshapanga foleni uwanjani. Masharti wameyahifadhi: umri wa miaka 18 hadi 26, wastani wa D katika KCSE, urefu usiopungua mita 1.60. Kisha wanavua shati na viatu, wanakimbia, wanafungua vinywa meno yakaguliwe, wanainua nyayo zitazamwe kama ni bapa. Msichana anapimwa mimba, na akikutwa nayo anarudishwa kwao. Hakuna aliyeulizwa anampenda nani, lakini kila mmoja ameshaonja maana ya kuwa askari: kabla hujatia saini popote, mwili wako umeshatazamwa na watu usiowajua.

Nafasi ni chache na wengi hurudi mikono mitupu. Baadhi yao ndio hawa tunaokutana nao huku ughaibuni. Uingereza huajiri raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, Wakenya wakiwemo, na mwishoni mwa 2018 iliondoa sharti la kuishi huko miaka 5 kwanza. Marekani huwapokea wenye kadi ya kijani. Kuanzia 2009 hadi 2016 ilikuwa pia na mpango wa MAVNI, uliowachukua hata waliokuja kwa viza ya masomo mradi wajue lugha iliyotakiwa, na Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Kwa mara moja maishani, Kiswahili cha mtu kilimpa uraia.

Miongoni mwa vijana hao wapo wapenzi wa jinsia moja. Katika vikao vyetu jambo hili haliulizwi wazi. Linaulizwa kwa mzunguko, chakula kikishaliwa: kuna jamaa mmoja, si mimi, ni rafiki tu, yuko jeshini na anataka kuoana na mwenzake, je, jeshi litamfukuza? Mshahara wake utaguswa? Na nyumbani watajua? Makala haya hayaamui nani ataingia peponi. Wapo mashehe na wachungaji wa kazi hiyo. Yanaeleza sheria zinasemaje, na kwa maoni yangu swali la tatu ndilo zito kuliko mawili ya mwanzo.

Tuanze nyumbani. Kifungu cha 45 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti na yake, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inataja mwanamume na mwanamke. Kanuni ya Adhabu, ambayo tuliirithi kwa Waingereza, inaweka kifungo cha hadi miaka 14 katika kifungu cha 162, na miaka 5 katika kifungu cha 165 kinachowahusu wanaume. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu jijini Nairobi, Roselyne Aburili, Chacha Mwita na John Mativo, walikataa kuvifuta vifungu hivyo. Askari wa KDF yumo chini ya sheria hizo kama raia mwingine. Kwa hiyo kwa askari wa Mtongwe au Mariakani, ndoa ya namna hiyo si suala la kumwomba kamanda ruhusa. Haipo kisheria.

Upande wa faragha ndio wenye utata. Kifungu cha 31 cha Katiba kinamkinga kila mtu asipekuliwe ovyo yeye na nyumba yake, mali yake isichukuliwe, mambo ya familia yake yasidaiwe au kufichuliwa pasipo sababu, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Lakini kifungu cha 24(5) kinaliruhusu Bunge kuipunguza haki hiyo kwa wanajeshi na polisi, na Sheria ya KDF ya 2012 ikaitumia ruhusa hiyo. Kwenye karatasi, sheria hiyo inawapima wote kwa kipimo kimoja: mwenye wake wawili, kapera, na yule mwenye siri. Ila mzigo hauwaangukii sawa. Mkaguzi akikuta barua ya mapenzi ya mke ndani ya sanduku la askari, atacheka na kumtania mwenyewe wiki nzima. Akikuta barua ya mwanamume mwenzake, hapo hakuna utani, kuna faili.

Sisi watu wa Kwale hatuhitaji mfano wa mbali. Februari 2015 wanaume wawili walikamatwa Ukunda kwa tuhuma za kifungu cha 162. Walipelekwa Mombasa katika Hospitali Kuu ya Pwani, wakapimwa sehemu zao za siri za nyuma na kupimwa virusi vya HIV, ili upatikane ushahidi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa haikuona kosa katika vipimo hivyo. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo na kusema kwamba vipimo vile vilivunja haki zao na ushahidi wake haufai. Hawakuwa askari. Hata hivyo mtu aliye kambini aisome hukumu hiyo, kwa sababu haki ya utu, iliyo katika kifungu cha 28, haimo kwenye orodha ya haki ambazo Bunge limeruhusiwa kumpunguzia mwanajeshi. Sanduku lake la nguo linaweza kupekuliwa. Utu wake ni mlango mwingine, na sijaona kifungu kinachompa kamanda ufunguo wake.

Sasa tuvuke bahari, na msidhani huko mambo yalikuwa laini tangu zamani. Uingereza na Wales ziliacha kuwafunga wapenzi wa jinsia moja mnamo 1967, lakini jeshi likaachwa nje ya ruhusa hiyo, na marufuku yake ikadumu miaka zaidi ya 30. Makachero wa jeshi walifungua makabati, wakachukua barua na picha, wakawahoji askari kwa saa nyingi kuhusu nani amelala na nani na kwa namna gani. Aliyekiri alifukuzwa, na wengine walivuliwa medali. Mwaka 1994 Bunge lao lilikubali kwamba tendo lenyewe si jinai tena kwa mwanajeshi, lakini likaacha mlango wa kumfukuza kazi wazi kama ulivyokuwa. Wanne waliofukuzwa hawakukubali: Jeanette Smith na Graeme Grady wa jeshi la anga, Duncan Lustig-Prean na John Beckett wa jeshi la majini. Walifika hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg, ambayo tarehe 27 Septemba 1999 iliamua kwamba uchunguzi ule na kule kufukuzwa viliingilia maisha yao ya faragha bila sababu ya kutosha. Tarehe 12 Januari 2000 marufuku ikaondolewa.

Hapo pana jambo ambalo wengi hulipita. Hawa walishinda kwa hoja ya faragha. Ndoa ilikuja baadaye kabisa: ubia wa kiraia Desemba 2005, na ndoa kamili Machi 2014 kwa Uingereza na Wales. Leo askari wa jeshi hilo aliyeoana na mwenzake wa jinsia moja anapata nyumba ya familia kambini kwa masharti yaleyale ya wengine, na mwenzake anatambuliwa katika pensheni. Julai 2023, baada ya ripoti ya Lord Etherton kuhusu marufuku hiyo, Waziri Mkuu Rishi Sunak aliomba radhi bungeni. Serikali ikatenga pauni milioni 75, na aliyefukuzwa kwa sababu hiyo kati ya Julai 1967 na Januari 2000 anaweza kuomba pauni 50,000. Maombi yalifunguliwa Desemba 2024. Kama unamjua mzee wa Jumuiya ya Madola aliyekutwa na hayo, mwambie.

Wamarekani walipita njia nyingine, ambayo mtu wa Pwani angeielewa bila kufundishwa. Sheria yao ya 1993 ilisema jeshi lisikuulize na wewe usiseme. Kwetu hiyo ni sitara: mtaa mzima unajua, hakuna anayetamka, na biashara ya mahamri inaendelea. Tofauti ni kwamba sitara ya kwetu humlinda aliyefunikwa, na ile ya Washington ilimlinda aliyefunika. Barua ikidondoka, au jirani akisema, askari alifukuzwa ijapokuwa yeye mwenyewe hakutamka neno. Zaidi ya 13,000 walitolewa jeshini kwa sheria hiyo kabla haijakoma tarehe 20 Septemba 2011.

Hata baada ya hapo, kwa karibu miaka miwili, askari aliweza kuoana na mwenzake katika jimbo linaloruhusu lakini ofisi ya mishahara ikamhesabu kapera, kwa kuwa sheria ya shirikisho haikuitambua ndoa hiyo. Mahakama ya Juu ilikiondoa kizuizi hicho Juni 2013, na Septemba mwaka huohuo jeshi likaanza kutoa posho ya nyumba ya wenye familia, bima ya afya na kitambulisho cha mwenzi. Uamuzi wa 2015 ulieneza ndoa hiyo katika majimbo yote, na sheria ya Desemba 2022 ikaipa kinga ya Bunge juu ya kinga ya mahakama. Waliobadili jinsia hali yao ni nyingine: amri ya rais ya Januari 2025 iliwafungia mlango wa jeshi, na Mei mwaka huo Mahakama ya Juu iliruhusu itekelezwe wakati kesi zikiendelea. Anayewachanganya wote katika jibu moja anampotosha muulizaji.

Kwa wanaoomba kibali cha kushika siri za serikali, ambako fomu huuliza mpaka majina ya wakwe, amri ya rais ya 1995 inakataza kumnyima mtu kibali kwa kuwa tu anapenda jinsia yake. Kinachotazamwa ni kama kuna siri inayoweza kutumiwa kumtisha. Hapo ndipo kijana wa kwetu hukwama. Mwajiri wake hamtishi. Anayeweza kumtisha ni mtu mwenye namba ya simu ya babake.

Na vipi akitumwa Kenya? Si jambo la kufikirika. Waingereza wana kituo cha mazoezi Nanyuki, na Wamarekani wamekaa Manda Bay, Lamu, ambako mmoja wa askari wao aliuawa katika shambulio la Januari 2020. Gwanda haliifuti Kanuni ya Adhabu. Cheti cha ndoa cha Texas au cha Colchester hakimfanyi mwenzi wako awe mume au mke mbele ya afisa wa Kwale. Na aliyekuja likizo kwa pasi ya Kenya anahesabiwa Mkenya, hata akiwa na pasi nyingine mfukoni.

Lakini kwa wengi, siri haitokei mahakamani wala kambini. Inatokea kwenye karatasi. Kila askari wa Marekani hujaza fomu iitwayo DD 93. Ni kurasa chache za visanduku vidogo: jina la mwenzi, majina ya watoto, jina la baba na anwani yake, jina la mama na anwani yake. Kipo kisanduku cha kuandika nani asipewe habari kwa sababu ya maradhi, na kingine cha nani aambiwe badala yake. Wengi wetu tumekitumia kwa ajili ya mama mwenye presha. Kuna mahali pa kugawa kiinua mgongo cha kifo cha dola 100,000. Bima ya maisha, ambayo tangu Machi 2023 hufika dola 500,000, ina karatasi yake. Wapo wanaodhani watakwepa kwa kumwandika mama peke yake. Aliyeoa hawezi kufanya hivyo kimyakimya: akimpa mtu mwingine fedha hizo, sheria inataka mwenzi wake aarifiwe kwa maandishi. Siri inakatwa pande zote mbili.

Kisha kuna kisanduku ambacho kwa Mduruma kina uzito kuliko dola zote hizo: nani ataamua mwili uzikwe wapi. Askari anaweza kumtaja mtu yeyote, awe ndugu au la. Asipomtaja mtu, mwenzi ndiye wa kwanza. Maana yake ni kwamba wazee wa ukoo wanaweza kukaa Kinango, hanga limepangwa, kaburi limechimbwa kando ya babu yake, na mwenye neno la mwisho akawa mtu aliye San Antonio ambaye hawajapata kumsikia. Kenya tuliwahi kuliona pambano la aina hii kati ya mke na ukoo, katika kesi ya wakili S. M. Otieno. Mwili ulikaa mochari miezi mitano, hadi Mei 1987 ukoo ulipomzika Nyalgunga kinyume cha matakwa ya mkewe Wambui. Mahakama zetu zilisikiliza mila. Ofisi ya jeshi ya Marekani itasoma kisanduku.

Wanaosaidia familia katika misiba huku wanajua kwamba mzazi huweza kustahimili mengi akiambiwa na mwanawe mwenyewe, na machache mno akiambiwa na afisa aliyevaa sare. Sheria haimlazimishi askari kuwaambia wazazi wake, na sidhani kama gazeti lina haki ya kumlazimisha. Anayejua hatari ya nyumbani kwake ni yeye. Anachoweza kufanya bila kumwambia yeyote ni kuisoma fomu yake mstari kwa mstari. Anaweza kumtaja dada anayemwamini kuwa msimamizi wa mazishi, na fedha akamwachia mwenzi, au akageuza. Ndugu huyo akishajua mambo kabla ya siku hiyo, simu ya kwanza kwenda Kinango itapigwa na mtu anayeongea Kiduruma.

Fomu hiyo hupitiwa upya kila mwaka, na tena kabla ya kutumwa nje ya nchi. Aliyefunga ndoa Jumamosi anaweza kuibadilisha Jumatatu asubuhi katika ofisi ya utumishi ya kikosi chake, na haihitaji saini ya mtu mwingine yeyote wa familia.