Siri ya Mteja Inagharimu Pesa Ngapi?

Kama unafanya kazi ya ngono peke yako hapa Eastleigh, bila bosi wala baa inayokutafutia wateja, kuna mambo mawili ni lazima uyajue kila mwisho wa wiki: nani amelipa, na nani hutaki kumwona tena mlangoni. Yote mawili yanahitaji kuandikwa. Na maandishi hayohayo yakiangukia mikono mingine, yanaweza kuvunja nyumba ya mtu na kukukatia riziki.

Mtaa huu una watu wengi lakini habari zake husafiri haraka. Mteja wa Section Two ana binamu mwenye duka First Avenue, na binamu huyo anaswali msikiti mmoja na mwenye nyumba wako. Jina likitoka alasiri, usiku limefika Pangani. Hapa tunalinganisha njia za kuweka kumbukumbu kwa mtu mwenye shilingi 3,000 au pungufu, anayetaka kuamua wiki hii. Bei za vifaa ni za kukadiria. Maduka yanatofautiana, na kupatana kupo.

Anza na kisicholipiwa

Andika kidogo, na badala ya jina weka namba. Majengo, mwendo mfupi kutoka hapa, kuna kliniki ambako tangu 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, wamekuwa wakifuatilia afya ya wanawake wanaofanya kazi hii. Katika kumbukumbu za utafiti huo, mwanamke hutambulika kwa namba. Ulinzi uleule mpe mteja wako.

Mistari miwili kama hii inatosha: "7. Jumanne, saa 3 usiku. 1,500. Sawa." "12. Ijumaa. 1,000. Aligombana juu ya bei. Asirudi." Hakuna jina, kabila wala mahali pa kazi. Nani ni 7 na nani ni 12, weka kichwani. Ukishindwa, waandike kwenye karatasi nyingine inayokaa mahali pengine kabisa.

Mteja mmoja tu ndiye wa kuandikiwa mengi: aliyekupiga, aliyekuibia au aliyekataa kondomu. Huyo andika namba ya gari, sura, tarehe na alichofanya, kisha mpe nakala mwenzako unayemwamini. Hapo usalama wako unatangulia siri yake.

Daftari: shilingi 50 hadi 150

Daftari dogo la mfukoni linapatikana kila duka la vitabu. Halihitaji chaji wala bando, na hakuna anayeweza kulisoma akiwa mbali. Likitunzwa linadumu miaka.

Gharama yake iliyojificha ni mahali pa kuliweka. Chumba cha kushirikiana, dada wa kazi, mtoto anayetafuta karatasi ya kuchorea: wote hao ni wasomaji. Kwa hiyo hesabu pia kisanduku cha bati na kufuli. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, wale wanaotengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni, hutengeneza pia vidogo. Nenda mwenyewe, patana, na ujaribu bawaba kabla ya kulipa. Kufuli ya shilingi 200 hivi inatosha kumzuia mdadisi. Mwizi atabeba sanduku zima, lakini atakuta namba tupu.

Kila miezi mitatu chana kurasa za zamani uzichome jikoni. Jumla ya mapato nakili kwanza, kwa sababu hiyo ni mali yako.

Simu ya kubonyeza: shilingi 1,500 hadi 2,500

Kabambe yenye laini ya pili ndiyo ninayompendekezea anayepokea simu nyingi. Chaji inakaa siku kadhaa, ikianguka inaokotwa na kuendelea na kazi, na haina programu za kunyonya majina. Kazi ikiisha unaizima, na nyumbani unabaki na ile ya familia.

Laini haina siri kama wengi wanavyodhani. Kisheria husajiliwa kwa kitambulisho, kwa hiyo bado ina jina lako. Usikubali ya kuuziwa barabarani ikiwa imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine: mwenye jina anaweza kuirudisha kwake siku yoyote, na wateja wako na pesa zako vikaenda nayo. Kama uko Safaricom, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kasoro ya simu hii ni kwamba aliyeishika anaisoma. Weka namba ya siri ya kufungulia, na ufute jumbe kila asubuhi.

Simu janja: iangalie kabla ya kuingiza majina

Kama tayari unayo, usinunue nyingine. Funga magumzo ya kazi kwa namba ya siri, washa jumbe zinazojifuta baada ya saa 24 au siku 7, na uangalie nakala za akiba zinakwenda wapi. Gumzo ulilolifunga kwa makini linaweza kuwa limenakiliwa kwenye akaunti ya barua pepe ambayo mdogo wako pia anaifungua.

Hatari kubwa iko kwenye programu za bure. Baadhi ya zile za kumtambua anayepiga huokota majina kutoka vitabu vya simu vya watu. Ukimhifadhi mtu kama "Hassan Mteja Section Three", jina hilo linaweza kumtokea mtu usiyemjua siku Hassan akimpigia. Baadhi ya programu za mikopo nazo zimewahi kuomba ruhusa ya kuona namba zako zote. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya mikopo ya Mulla Pride shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia jumbe za vitisho. Mkopo wa 2,000 haufai kulipwa kwa orodha ya wateja.

Halafu kuna fundi. Kioo kikipasuka, atakuomba namba ya kufungulia "nijaribu tachi". Mwambie utaifungua mwenyewe, na usimame hapo mpaka amalize. Asipotaka, meza ya pili iko hatua tatu mbele.

Simu ya kulipa mdogo mdogo: iache

Piga hesabu kabla ya kusaini. Amana ya 2,500 na shilingi 60 kila siku kwa mwaka mmoja ni 24,400. Uliza bei ya simu hiyohiyo taslimu, utaona unalipia nini zaidi. Ukikosa kulipa siku chache, simu inafungwa ikiwa na kumbukumbu zako zote ndani. Kwa kazi yenye wiki za ukame, huo ni mtego.

Kulipwa: taslimu, kutumiwa au till

Noti haiachi jina la mtu yeyote. Ubaya wake unaujua: usiku njiani, na mkononi una mapato ya siku nzima.

Kutumiwa kwa M-Pesa ni rahisi, lakini mteja anaona jina la kitambulisho chako kabla ya kuthibitisha, na wewe unabaki na lake kwenye ujumbe. Kwa 1,500 analipa ada ya 23, na wewe ukitoa kwa wakala unakatwa 29. Ukitoa mara tano kwa wiki ni 145. Ukingoja utoe 7,500 kwa mkupuo ni 87. Kwa wiki nne, tofauti ni shilingi 232: kufuli ya bure.

Till inaonyesha jina la biashara ulilosajili, na mteja halipi ada. Wewe unakatwa asilimia 0.55, yaani kama shilingi 8 kwenye 1,500. Chagua jina la kawaida. Anayekagua simu ya mumewe asikute neno la kumwamshia maswali.

Sheria inakudai nini

Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, wewe pamoja na mteja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya afya, ndoa na mwelekeo wa kijinsia kuwa data nyeti. Wenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 kwa kawaida hawalazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, isipokuwa katika sekta chache zilizotajwa. Akija mtu kukuuzia "cheti cha lazima", funga mlango.

Picha za wateja usipige. Casa Vera, sehemu ya starehe hapa Nairobi, ilitozwa shilingi 1,850,000 mwaka huohuo wa 2023 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake.

Ukitishiwa na mtu aliyepata daftari au simu yako, usimlipe, atarudi kesho. Shirika la BHESP lina wasaidizi wa kisheria wanaoijua kazi hii, na namba 1195 ya ukatili wa kijinsia hupigwa bure.

Uamuzi

Una 300: nunua daftari na kufuli, tumia namba, na sanduku lifuate ukipata.

Una 3,000: nunua kabambe na laini yako mwenyewe, pamoja na daftari.

Una simu janja tayari: pesa yako iweke. Leo usiku, kabla ya kulala, fungua kitabu cha simu na upitie majina moja baada ya jingine. Kila "mteja" mgeuze namba, na programu za mikopo uzinyime ruhusa ya kuyaona. Ni kazi ya nusu saa isiyogharimu hata shilingi, na ndiyo inayomlinda mtu aliyekuamini.