Wale wanaokuja kuhesabu nyumba ni nani?

Ndugu zetu wa Mutoshi, mnatuuliza juu ya vijana wanaopita na makaratasi wakihesabu nyumba, mashamba na miti. Ni wafanyakazi wa kampuni ya washauri. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inadai uchunguzi wa mazingira na maisha ya wakaaji, na kampuni ya madini ndiyo inawalipa. Wao wanaandika ripoti tu. Hawawezi kuahidi pesa wala kiwanja. Mara nyingi wanapewa siku chache, kwa hiyo wanakimbia. Mwembe usioandikwa siku ile ni vigumu kulipwa baadaye. Mama awepo pia, maana shamba analijua yeye. Karatasi huwa ni ya Kifaransa: msitie sahihi kabla hamjasomewa kwa Kiswahili. Ombeni kopi, na moja ibaki kwa chefu wa mtaa.