Mto Suam: Usidanganywe na Anga Safi

Je, msomaji, umewahi kusimama kando ya mto wa mlimani, jua linawaka, mara maji yakafurika? Wengine husema ni miujiza. La hasha! Hayo ni mambo ya hesabu.

Tuchukue mfano wa Mto Suam. Mto huu huanzia ndani ya kreta ya Mlima Elgon, ambao kilele chake kirefu, Wagagai, kina mita 4,321. Hutoka kwenye kreta upande wa mashariki, hushuka ukiwa mpaka wa Kenya na Uganda, kisha huingia Pokot Magharibi. Huko mbele huitwa Turkwel. Basi mvua ya Elgon yaweza kumkuta mchungaji huko chini ambaye hakuona hata wingu.

Wataalamu hukadiriaje hatari hiyo? Huanza na mvua. Milimita moja ikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba ni lita milioni moja. Milimita 50 juu ya kilomita 10 za mraba ni lita milioni 500! Kisha huuliza: ardhi itakunywa kiasi gani, na kiasi gani kitateremka? Msitu huyachelewesha maji. Shamba tupu la mteremkoni huyaachilia kwa mkupuo. Mwisho, kompyuta hupewa mwinuko wa ardhi, upana wa mto na vipimo vya miaka iliyopita, ikachora ramani ya mahali maji yatakapofika.

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakisikia "mafuriko ya miaka mia", hudhani yakishapita watakaoyaona tena ni vitukuu. Sivyo. Maana yake ni kwamba kila mwaka uwezekano ni mmoja katika mia. Ukijenga hapo na kuishi miaka 30, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni asilimia 26. Zaidi ya robo!

Upande wa pili wa mlima huo huo, mjini Mbale, mito ilifurika mwishoni mwa Julai 2022 na kuua watu zaidi ya 20.

Kwa hiyo, mzazi, unaponunua ploti kando ya mto, iwe Kitale au Bungoma, usiulize bei tu. Waulize wazee maji yaliwahi kufika wapi. Nawe mwanafunzi, kopo lililonyooka pande zote na rula vyatosha kuanza kupima mvua. Tahadhari kabla ya hatari.