Nyota yenye Mistari Angavu

Mwanafunzi aliyeko Bunda, akitazama kuelekea Musoma mnamo saa tatu usiku mwanzoni mwa Desemba, ataona upande wa kaskazini nyota tano zilizojipanga kama herufi M. Ile ya katikati ni Gamma Cassiopeiae. Kwa kuwa Mkoa wa Mara u karibu na ikweta, nyota hiyo haipandi juu sana: iwe Musoma, Butiama au Bunda, kimo chake hakizidi nyuzi 28.

Mwanga wa nyota upitishwapo katika prizimu hutawanyika kama rangi za upinde wa mvua, nazo hukatizwa na mistari myeusi. Kila elementi hufyonza rangi zake maalumu, na halijoto ndiyo huamua, kwa sehemu kubwa, mistari ipi ionekane. Kwa msingi huo nyota hupangwa katika makundi O, B, A, F, G, K na M, kuanzia zenye joto kali zaidi. Jua letu ni G.

Mwaka 1866, huko Roma, Padre Angelo Secchi aliona katika Gamma Cassiopeiae mstari wa haidrojeni uking'aa mahali ulipotazamiwa kuwa mweusi. Nyota hii huzunguka kwenye mhimili wake kwa kasi kubwa mno, nayo imezingirwa na sahani ya gesi iliyotoka kwake. Gesi hiyo, ikichochewa na mwanga wa nyota, hung'aa yenyewe.

Hapo ndipo penye mtego. Katika nyota za B, mistari hafifu ya haidrojeni ni dalili ya joto kubwa zaidi. Mng'ao wa sahani ukiijaza mistari hiyo, mpimaji asiye mwangalifu ataikadiria nyota joto isilokuwa nalo. Basi haidrojeni huwekwa kando, na ushahidi hutafutwa katika heli na silikoni. Mistari ya heli iliyopoteza elektroni moja ikionekana wazi, nyota ni O. Ikififia, na ile ya heli kamili ikawa na nguvu, ni B. Kazi si nyepesi, maana mzunguko wa kasi huitanua mistari yenyewe. Hata hivyo Gamma Cassiopeiae imepewa alama B0.5 IVe, ambapo IV ni daraja la mng'ao na e ni mistari angavu.

Alama hiyo ya e si ya kudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 nyota iling'aa kupita kawaida, kisha ikafifia. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 mistari angavu ilitoweka. Aliyeipima wakati huo angeiandika B ya kawaida. Baadaye sahani ilijengeka upya, na mistari ikarudi.